Seva ya nyumbani inapiga kazi, ndugu hawaitumii. Tatizo ni mtandao, TV, au sisi mafundi?

#1 Nahodha_wa_LAN

Habari za jioni wakuu. Uzi huu si wa kufundishana kufunga Jellyfin (programu ya kurusha video zako kutoka seva ya nyumbani), nyuzi za hivyo zimejaa. Nataka tujadili kinachofuata baada ya seva kusimama.

Mitambo ni hii: kompyuta ndogo ya Intel N100, RAM GB 16, diski ya USB TB 4, Jellyfin ndani ya Docker (kontena, yaani chumba chake peke yake ndani ya kompyuta). Ipo Goba kwenye fiber ya Mbps 20 kushuka na 20 kupanda. Ndani kuna video za harusi na send-off za ukoo mzima, kaseti za VHS zilizohamishwa, katuni za watoto na taarab kutoka DVD za dukani. Laini iko nyuma ya CGNAT (wateja wengi wanachangia anwani moja ya nje, huwezi kufikiwa moja kwa moja), kwa hiyo nimepitishia VPS (seva ya kukodi) ya Frankfurt kwa WireGuard (handaki la VPN), mbele yake Caddy (programu inayopokea wageni na kuwapitisha kwa seva), domeni fupi.

Akaunti ziko 9. Siku 30 zilizopita: 3 hawajaingia hata mara moja, 4 waliingia siku ya kwanza wakaishia hapo, 2 ndio wanatazama. Mmoja wa hao 2 anaishi chini ya paa moja na seva. Waliobaki wapo Mbagala, Kigamboni, Tanga, Mwanza na Muscat.

Na bado kwenye grupu la WhatsApp la familia watu wanaulizana nani ana video ya harusi ya 2011. Video ipo kwenye seva. Linki wanayo.

Hoja yangu: hili si suala la mtandao wala TV. Tumejenga kitu ambacho anayekihitaji ni fundi peke yake. Nipingeni kwa vipimo.

#2 kiti_cha_mbele

Nimeshusha mkeka. Wajuzi njooni.

#3 Mzee_wa_Kebo

Umejijibu mwenyewe halafu ukalikataa jibu. Frankfurt!

Mtu wa Kigamboni anaomba video iliyopo Goba. Inatoka Goba, inaingia baharini, inapanda hadi Ujerumani, inageuza, inarudi baharini tena hadi Kigamboni. Dar hadi Ulaya, kwenda na kurudi kwa pakiti moja ni kama milisekunde 150. Wewe una miguu miwili ya hivyo, weka 300. Pakiti chache zikipotea njiani, TCP inashusha kasi hata kama laini zote mbili ni nzima.

Watoa huduma wengi wa hapa wanakutana TIX, kituo cha kubadilishana data hapa nchini. Ukiunganisha nyumba kwa nyumba moja kwa moja, pakiti haina haja ya kutoka mjini. Weka Tailscale (VPN inayojitafutia njia yenyewe) pande zote mbili, kisha andika `tailscale ping` na jina la mashine. Ukiona "via DERP" unapitia relei, bado hujafika. Ukiona anwani na namba ya poti, NAT (ukuta wa anwani wa ruta) imetobolewa.

Halafu kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu pamoja. Aliyeipitisha seva yake Ulaya siku hiyo alikuwa mateka, hata kama mtazamaji yupo mtaa wa pili.

#4 Binti_Upanga

Mzee wa Kebo nakuheshimu, ila kwako kila ugonjwa ni kebo. Latensi (ucheleweshaji wa njia) haisababishi skrini nyeusi yenye sauti.

Nahodha, subiri mmoja wao acheze video, fungua Dashboard, bonyeza alama ya taarifa kwenye kikao chake. Itakuambia kama ni Direct Play (faili linachezwa lilivyo) au Transcode (seva inaligeuza kwanza), na sababu yake. Sababu za kila siku ni tatu. Video ni HEVC (mbano mpya wa video) ya biti 10 na kifaa hakiiwezi. Sauti ni ya mfumo wa DTS, nayo kifaa hakiiwezi. Au manukuu ni PGS, ambayo ni picha wala si maandishi, kwa hiyo kifaa kisichoyajua kinailazimisha seva kuyachomea ndani ya video fremu kwa fremu.

N100 inabeba kazi hiyo bila jasho kwa Quick Sync (QSV, kigeuza video cha Intel). Lakini kontena lazima lipewe kifaa chenyewe. Jaribu:

`docker exec jellyfin ls -l /dev/dri`

Usipoona renderD128, tiki uliyoweka kwenye QSV ni pambo. Ukiiona lakini bado inagoma, mtumiaji wa kontena hayumo kwenye kundi la render. Kila kinachogoma kinaacha faili la FFmpeg.Transcode kwenye kumbukumbu za seva, lisome kuanzia chini kwenda juu.

Shangazi hana habari na renderD128. Anaona duara linazunguka, sekunde ya kumi yupo TikTok.

#5 mbagala_rangi3

Mnaongea kama kila mtu ana fiber sebuleni. Fanyeni hesabu ya bando kwanza.

Mbps 1 ni GB 0.45 kwa saa. Video ya harusi ya Mbps 8, saa tatu: 8 × 0.45 × 3 = GB 10.8. Huyo ndugu wa Mwanza yupo kwenye kifurushi cha simu cha wiki. Alijaribu siku ya kwanza, akapata ujumbe kwamba umetumia asilimia 75, akafunga. Hajashindwa teknolojia, amefanya uamuzi wa kiuchumi.

Dashboard, Playback, Streaming, pale kwenye "Internet streaming bitrate limit" weka 2. Sasa ni GB 0.9 kwa saa. Hata kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja sehemu hiyo ipo, kwa hiyo wa Mwanza mpe 1 na wa Muscat mwachie 6.

#6 Dr_Subneti

Marekebisho mawili kabla watu hawajanakili.

Mzee wa Kebo: ile 300 si sahihi kama Caddy ipo kwenye VPS. TCP ya mtazamaji inaishia kwa Caddy, na Caddy inafungua nyingine kwenda Goba. Kila kipande kina 150 yake. Kinachosubiri 300 ni baiti ya kwanza tu, yaani ule muda baada ya kubonyeza Play. Frankfurt bado ni mbaya, ila si kwa kiasi hicho.

Mbagala: kikomo ulichosema ni sahihi, lakini kwa Nahodha hakitafanya kazi. Jellyfin inahesabu anwani za 10.x, 172.16 hadi 172.31 na 192.168.x kuwa za nyumbani, na kikomo cha nje hakiwagusi wa nyumbani. Kila mtu anayepitia Caddy anaonekana na anwani ya WireGuard ya VPS, yaani 10.x. Kwa macho ya seva, yule wa Muscat amekaa sebuleni Goba. Dashboard, Networking, "Known proxies", andika anwani ya ndani ya VPS, washa upya seva. Caddy inatuma X-Forwarded-For yenyewe, huhitaji kuongeza kitu.

#7 Nahodha_wa_LAN

Dr, nimeangalia. Known proxies ni tupu. Sina la kujitetea.

Binti, renderD128 ipo, na kugeuza kunafanya kazi nikijaribu kutoka simu. Vifaa vyao: Mbagala ni Hisense ya VIDAA, Kigamboni Samsung, Tanga ni TV isiyo smart na kisimbuzi tu, Mwanza simu, Muscat LG.

#8 Aggrey_Ghorofa_ya_Pili

Hapo kwenye vifaa ndipo penye mwiba.

LG: Jellyfin ipo dukani kwake, apakue tu. Samsung: kwa muda mrefu njia ilikuwa kufungua hali ya msanidi, unaingia Apps, unabonyeza 1 2 3 4 5 kwa rimoti, unaandika anwani ya kompyuta, ndipo unaisukuma programu kutoka huko. Huwezi kumwelekeza mama mkwe hayo kwa simu. Hisense ya VIDAA si Android, kwa hiyo faili la APK ulilomtumia halina kazi pale. Na TV isiyo smart inahitaji HDMI na USB ya kuipa umeme fimbo.

Acheni kupigana na TV. Nunua fimbo au boksi lenye Android TV halisi, lenye cheti cha Google, chomeka, sakinisha Jellyfin, ingia kwa akaunti yake ukiwa bado na kifaa mezani kwako, ndipo umpelekee. Kule anaandika neno la siri la Waifai peke yake.

Tahadhari: boksi za bei ya kutupa zinazopangwa juu ya meza Kariakoo nyingi zina Android ya kawaida ya simu iliyovikwa sura ya TV. Kuna zilizogundulika kuja na programu hasidi tangu kiwandani, tafuteni habari za BADBOX za Oktoba 2023. Dalili ya kwanza ya boksi bovu ni duka la Google kuonekana kama la simu, rimoti haifiki kwenye baadhi ya vitufe mpaka uwashe kishale cha panya.

#9 kipanga_mweusi

Kwa nini mnajitesa? Hamieni Plex, mbadala wa Jellyfin. Ipo kwenye kila TV, CGNAT inajitatulia yenyewe, na ni bure.

#10 Dr_Subneti

Kwenye kila TV, karibu kweli. Bure, hapana. Tangu tarehe 29 Aprili 2025 kutazama kutoka nje ya nyumba ni kwa kulipia: ama mwenye seva awe na Plex Pass, na hapo wageni wake wote wanapita, ama kila mtazamaji alipe Remote Watch Pass, iliyoanza kwa dola 1.99 kwa mwezi. Plex Pass ya maisha ilipanda siku hiyo hiyo kutoka dola 119.99 hadi 249.99.

Na CGNAT haijitatui. Plex ikishindwa kufika moja kwa moja inapitia relei yao, na relei ina kikomo cha Mbps 2 kwa mwenye Pass, 1 kwa asiye nayo. Kwenye TV ya inchi 55 hiyo ni picha ya ukungu wa Lushoto.

#11 kipanga_mweusi

Sawa, nimenyoosha mikono. Ila hiyo Mbps 1 si ndiyo mbagala_rangi3 anampa mtu wa Mwanza kwa hiari?

#12 mbagala_rangi3

Kwenye simu ya inchi 6, mkuu. Soma vizuri.

#13 Dr_Subneti

Sasa niseme ninachoamini. Usimpe ndugu programu ya VPN. Ipe nyumba yake.

Tailscale kwenye simu ya mtu asiyefuatilia mambo haya hufa kwa njia tatu. Ufunguo wa kifaa unaisha baada ya siku 180, anatolewa bila kujua kwa nini; ukiwa msimamizi nenda kwenye orodha ya mashine uzime kuisha kwa ufunguo. Pili, Android inaruhusu VPN moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo akiwasha nyingine yako inazimika. Tatu, simu zenye HiOS au XOS (Tecno na Infinix) zinaua programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa betri, mpaka uiondoe kwenye orodha hiyo.

Badala yake weka kiboksi kidogo nyuma ya ruta yao: Raspberry Pi ya zamani, au ruta ndogo ya safari inayokubali WireGuard. Kiboksi kinafungua handaki kuja Goba, kinapokea poti 8096 pale nyumbani kwao na kuisukuma kwako. TV inaandikiwa anwani ya ndani ya nyumba yao. Hakuna VPN kwenye TV, hakuna domeni.

Mambo yanayoharibu:

Subneti (safu ya anwani za ndani) kugongana. Ruta nyingi za fiber zinakuja na 192.168.100.x au 192.168.1.x. Kwako ikiwa ileile na kwao, pakiti haijui iende wapi. Badilisha ya kwako iwe kitu cha ajabu, mfano 10.37.5.x. Badilisha leo, kabla hujasambaza viboksi.

PersistentKeepalive (salamu ya kuweka handaki hai) iwe 25 kila upande ulio nyuma ya NAT, la sivyo NAT inasahau njia na asubuhi TV haioni seva.

MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). WireGuard inaanza na 1420. Kwenye laini za 4G mara nyingi ni kubwa mno. Dalili yake haifanani na kitu kingine: ukurasa unafunguka, anaingia, mabango yanaonekana, video haianzi milele. Shusha hadi 1280.

Na pande zote mbili zikiwa CGNAT, WireGuard tupu haitoboi. Lazima Tailscale kwenye kiboksi, au VPS ibaki katikati.

#14 kiti_cha_mbele

Wifi yangu Kigamboni hana waifai, huyu anawekewa kiboksi nyuma ya nini?

#15 Mzee_wa_Kebo

😂😂 Nyuma ya kaka yako.

#16 sheria_kwanza

Samahani kuingilia. TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 kutaka wanaotumia VPN wajisajili, mwisho ukawa tarehe 30 mwezi huohuo. Hapa watu wanagawa WireGuard kama pipi. Handaki kati ya nyumba mbili za familia linahesabika?

Na hizo DVD za dukani: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218. Kununua nakala hakukupi haki ya kurusha kazi kwa kaya tisa. Harusi ya ukoo ni yenu, DVD ya dukani siyo.

#17 Mzee_wa_Kebo

Handaki la Goba hadi Kigamboni halifichi mtu kwenda nje wala halifungui tovuti yoyote. Ni kebo ndefu tu. Mimi nasema haliingii.

#18 sheria_kwanza

Wewe unasema. Tangazo lilisema VPN, halikusema kebo ndefu. Asiyetaka kubishana na mtu abaki na Caddy na HTTPS, hapo hakuna VPN upande wa mtazamaji.

#19 chumvi_mbili

Ukurasa mzima, hakuna aliyegusa mlango wenyewe: kuingia.

Jellyfin inataka vitu vitatu kwa rimoti: anwani ya seva, jina, neno la siri. Neno la siri la herufi 16 kwa kibodi ya skrini ni kama mibonyezo mia na ushee ya mshale. Halafu akikosea, kuna kipengele cha majaribio kabla ya kufungiwa. Watu wanaandika 0 wakidhani ni bila kikomo. Sifuri maana yake majaribio 3 kwa mtumiaji wa kawaida, 5 kwa msimamizi. Bila kikomo ni -1. Kwa hiyo ndugu anakosea mara tatu, akaunti inazimwa, na hakuna barua pepe inayomwambia.

Na "nimesahau neno la siri" haitumi ujumbe popote. Inaandika faili lenye PIN ndani ya folda ya seva, Goba. Mama wa Tanga alipataje hilo faili?

Tumia Quick Connect: TV inaonyesha tarakimu 6, anakusomea kwa simu, unaziandika wewe. Lakini angalia: namba hiyo inafungua akaunti ya yule aliyeiandika. Ukiiandika ukiwa msimamizi, umempa mama seva nzima, na kitufe cha kufuta. Fungua dirisha la faragha, ingia kama yeye, ndipo uandike.

Nahodha, wale 3 ambao hawajawahi kuingia: angalia kama akaunti zao bado ziko hai.

#20 Nahodha_wa_LAN

Mbili zimezimwa. Niliweka 0.

#21 kiti_cha_mbele

Hahaha! "Tumejenga kitu anachohitaji fundi," kumbe fundi amefunga mlango na ufunguo kaumeza.

#22 mbagala_rangi3

Niwaambie njia ambayo kila mtu mji huu anaijua: flashi. GB 64, unaijaza, unaituma na basi la Tanga. Haina bando, haina neno la siri, haina Frankfurt. TV nyingi zinacheza kutoka USB. Video ya harusi haibadiliki, kwa nini irushwe kila mara?

#23 Binti_Upanga

Flashi nayo ina mitego yake. Ikiwa FAT32, faili moja halizidi GB 4. Ukiipangilia exFAT, TV nyingi za zamani haziioni kabisa. Jibu si kubadili flashi, ni kupunguza faili.

DVD za harusi za hapa ni PAL, 720 kwa 576, na picha yake ni ya mistari inayopishana. Ukiigeuza bila kuondoa mistari, bibi harusi akitembea anaota meno ya kitana pembeni. Unganisha VOB (mafaili ya video ya DVD) kwanza, uiache ile ya sifuri kwa sababu ni menyu:

`cat VTS_01_[1-9].VOB > harusi.vob`

kisha

`ffmpeg -fflags +genpts -i harusi.vob -vf bwdif -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart harusi.mp4`

bwdif inatoa fremu 50 kwa sekunde kutoka 25, mwendo unalainika. Saa tatu kwa kawaida zinatua chini ya GB 4. Na hapa ndipo mjue kwamba faili hilohilo linamaliza ugonjwa wa seva: H.264 na AAC ndani ya MP4 inachezwa moja kwa moja na karibu kila kifaa alichotaja Nahodha, seva haigeuzi kitu. Faststart inaweka faharasa mwanzoni ili kivinjari kianze bila kusubiri faili zima.

Akitaka kwa WhatsApp, atume kama hati, siyo kama video. Hati inafika GB 2, video inakamuliwa mpaka sura hazitambuliki.

#24 kaseti_ya_mama

Nyongeza kuhusu harusi. Maktaba yake ukiichagulia aina ya "Movies", Jellyfin inakwenda TMDb (hifadhidata ya filamu) kutafuta jina. Folda ya "Harusi" inarudi na bango la filamu ya watu usiowajua, na shangazi anakuambia video yetu haipo. Chagua aina ya "Home Videos and Photos", zima vyanzo vyote vya taarifa vya nje, weka picha ya maharusi kwenye folda kwa jina poster.jpg.

Majina yaanze na mwaka: 2011-12 Harusi Kigamboni, 2011-12 Send-off Tanga. Na katakata. Hakuna anayetazama saa tatu. Watu wanatafuta ile dakika ambayo wao wanaingia ukumbini wakicheza. Faili la saa tatu ligawe: kanisani au msikitini, kuingia ukumbini, keki, zawadi, vyakula. Ukitumia `-c copy` na -ss na -to haligeuzwi upya, dakika moja umemaliza, ila litakatwa kwenye fremu kuu iliyo karibu, siyo sekunde uliyotaja.

Picha usiziweke Jellyfin. Immich (programu ya albamu za picha) inafanya linki ya albamu yenye neno la siri na tarehe ya kuisha, mtu anafungua kwenye kivinjari bila akaunti. Hiyo linki inabandikwa kwenye grupu, basi.

#25 kipanga_mweusi

Nje ya mada kidogo. Nina filamu zenye sauti mbili, ya asili na ya kutafsiriwa Kiswahili. Kila mara inaanza na ya asili, na mzee hajui kubadili.

#26 Binti_Upanga

Sauti yako ya pili haina lebo ya lugha. Jellyfin inaona "und", yaani lugha haijulikani.

`ffmpeg -i ndani.mkv -map 0 -c copy -metadata:s:a:1 language=swa nje.mkv`

Hesabu inaanza sifuri, a:1 ni sauti ya pili. Kisha kwenye akaunti ya mzee, lugha ya sauti anayopendelea weka Swahili, na toa tiki ya kucheza sauti ya msingi bila kujali lugha. Ukiiacha hiyo tiki, lebo haina kazi.

#27 luku_imeisha

Na umeme? Mnasahau kwamba seva ni kitu cha nyumbani. Kompyuta na diski, tuseme wati 15 mchana na usiku: 15 × 24 × 30 ÷ 1000 ni uniti 10.8 kwa mwezi. Aliyepo kwenye tarifu ya chini ya uniti 75 aangalie asije akavuka kwa sababu ya katuni.

Umeme ukirudi usiku, kompyuta lazima iwake yenyewe. Ingia BIOS, kipengele cha kurudi baada ya kukatika umeme kiwe Power On. Kwenye fstab (faili la Linux linaloorodhesha diski za kufungua), diski ya USB iwekewe nofail, bila hiyo diski ikichelewa kuamka mfumo mzima unasimama njiani unasubiri mtu mwenye kibodi. Na ONT (kisanduku kinachopokea waya wa fiber) na ruta vipewe UPS ndogo ya volti 12. Ndugu akikuta seva imezimika mara mbili, ya tatu hajaribu tena. Kwangu hii ndiyo sababu namba moja, wala siyo kodeki.

#28 Nahodha_wa_LAN

Mrejesho baada ya wiki mbili. Nimejaza Known proxies, nimeweka 2 kwa kila mtu isipokuwa Muscat. Nimefungua zile akaunti mbili zilizozimwa, -1 kote. Harusi 14 nimezigeuza MP4 na kuzikata vipande. Tanga imepata fimbo ya Android TV iliyoingiziwa akaunti tayari. Kigamboni imepata kiboksi cha Dr, Tailscale ndani yake, inaunganika moja kwa moja bila relei.

Waliotazama zaidi ya dakika 10: 6 kati ya 9. Kigamboni video inaanza ndani ya sekunde 2, zamani ilikuwa 9. Mbagala bado sifuri. Kilichochezwa kuliko vyote ni "kuingia ukumbini" ya 2011.

#29 Mzee_wa_Kebo

Sekunde 9 hadi 2. Nilisema kebo.

#30 Binti_Upanga

Siku hiyohiyo faili liligeuka kuwa MP4. Unajuaje ni njia na siyo faili?

#31 chumvi_mbili

Na akaunti mbili zilifunguliwa. Kutoka 2 hadi 6, mbili kati ya hizo nne ni mlango tu.

#32 Dr_Subneti

Nahodha umebadilisha vitu sita kwa mpigo. Kwa kipimo hiki kila mtu humu ameshinda. Mrudishe Kigamboni Frankfurt kwa siku tatu, faili lilelile, uone sekunde ngapi.

#33 Nahodha_wa_LAN

Nikimrudisha Frankfurt sasa hivi atanitoa kwenye grupu la familia. Nitajaribu kwa Muscat.

#34 sheria_kwanza

Muscat haina tofauti, haijawahi kupita TIX.

#35 mbagala_rangi3

Vipi huyo wa Mbagala? Nipo jirani, niambie tu aina ya TV, flashi ninayo.

#36 Nahodha_wa_LAN

Hisense, VIDAA. Ina USB mbili. Lete.

#37 kiti_cha_mbele

luku_imeisha, hiyo UPS ya volti 12, ONT yangu imeandikwa 12V 1A na ruta 12V 1.5A. Moja inabeba zote mbili au ninunue mbili?

#38 luku_imeisha

Jumla 2.5A. Soma lebo ya UPS: ikiwa 12V 3A na ina matundu mawili, inatosha. Nyingi zilizopo zimeandikwa 2A kwa ujumla hata kama zina matundu manne. Na pima kichwa cha waya, ncha ya katikati iwe chanya, kabla hujachomeka.